Nyumba ya Tofali na Mchwa wa Ndandalo

Katika kata ya Ndandalo, kama ilivyo katika sehemu nyingi za wilaya ya Kyela zilizo baina ya milima ya Livingstone na mto Songwe, mtu aliyebahatika kuuza kakao yake kwa bei njema au kuvuna mpunga wa kumzidi aghalabu huwa na shauri moja tu juu ya fedha hiyo, nalo ni kujenga. Na akisha kujenga, akaezeka bati, akapiga lipu na kupaka rangi, hujihesabu kuwa amemaliza kazi kubwa ya umri wake, asijue kwamba chini ya jamvi alilolikanyaga siku ya kuhamia wamo wakazi waliomtangulia kwa miaka mingi, nao wana shauri lao juu ya nyumba ile ile.

Mchwa hakuja Kyela pamoja na saruji. Mskoti Joseph Thomson alipofika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1879 alizistaajabia nyumba za Wanyakyusa zilizojengwa kwa mianzi na udongo katikati ya migomba, na katika kustaajabu kwake hakuwa na haja ya kuuliza zinadumu miaka mingapi, maana swali hilo halikuwasumbua hata wenyewe. Mwanzi ulikuwa karibu, nyasi zilikuwa karibu, na nguvu za vijana wa rika moja, ambao kwa dasturi walijijengea kijiji chao mbali na cha baba zao, zilikuwa tayari. Nguzo ikiliwa ilikatwa nyingine, na nyumba ikichoka ilisimamishwa nyingine pembeni. Hasara ya mchwa katika zama zile ilikuwa siku chache za kazi. Leo hasara yake ni akiba ya miaka kumi, au mafao ya mstaafu, au fedha ya kakao ya mwaka 2024, mwaka ambao bei ya zao hilo katika soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani na wengi wakaota nyumba. Na aliyeila mali hiyo hana mahali pa kushtakiwa.

Kwa kadhia hii watu hukimbilia dukani, wakauliza chupa ya dawa. Mimi naona kwamba chupa ndilo swali la mwisho, na kwamba katika nchi ya visima vifupi na mafuriko kama hii yetu mwenye kulianza kwanza hujidhulumu mara mbili, kwa nyumba yake na kwa maji yake. Ili nieleweke sina budi kumweleza mchwa mwenyewe kidogo.

Mfanyakazi anayetafuna fremu za milango yetu ni kipofu, mweupe, mwenye mwili laini usiostahimili jua wala upepo mkavu. Kwa hiyo haendi pasipo giza na unyevu, na akilazimika kuvuka ukuta ulio wazi hujijengea kijia cha udongo uliokandwa kwa mate, akapita ndani yake. Wengi wa mchwa wa bara, wawe wale wa jamii ya Macrotermes wanaosimamisha vichuguu virefu, au jamaa zao wa Odontotermes ambao mara nyingi hukaa chini kabisa bila kichuguu cha kuonekana, ni wakulima: hutafuna mbao, wakazipeleka chini ya ardhi matumboni mwao, na juu ya mavi yao wakaotesha uyoga unaowalainishia chakula. Malkia wao hutaga mayai kwa maelfu kila siku, na huishi miaka mingi. Mvua za kwanza zikianguka, Novemba au Desemba, hutoka kumbikumbi wenye mbawa kwenda kuanzisha miji mipya. Nami sina neno baya la kusema juu ya kumbikumbi waliokaangwa kwa chumvi, ila namsihi anayewaokota sebuleni mwake atazame wametokea wapi, kwa kuwa waliovutwa na taa kutoka nje ni riziki, na waliochomoka katika ufa wa sakafu au pembe ya fremu ni onyo.

Ardhi yenyewe inamfaa. Ziwa liko kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari, mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, mito Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hufurika majira ya masika, na kila atafutaye kiwanja huchagua mwinuko usiofikiwa na maji. Mchwa aliuchagua mwinuko huo kabla yake, na mara nyingine ndiye aliyeujenga. Wafyatua matofali huupenda udongo wa kichuguu kwa ufinyanzi wake. Kichuguu kikibomolewa, tanuri likachomwa, mwenye kiwanja hudhani wenyeji wamehama, ilhali chumba cha malkia aghalabu kiko katika usawa wa ardhi au chini yake, na njia zao zimetanda pande zote mbali na pale palipochimbwa.

Qurani inasimulia, katika sura iitwayo Sabaa, jinsi Nabii Suleiman alivyofariki hali ameegemea fimbo yake, na majini waliokuwa wakimtumikia wakaendelea na kazi ngumu kwa kumwogopa, wasijue kuwa amekufa, hata mdudu wa ardhi alipoila fimbo na mwili ukaanguka. Sijui kisa kinachomweleza mchwa kwa haki kuliko hicho. Rangi ya fremu huachwa kama ilivyo, umbo la mhimili huachwa kama lilivyo, na kilichomo ndani kimekwisha zamani.

Tiba za wenyeji ziko nyingi, nazo hazistahili kudharauliwa zote kwa pamoja wala kusadikiwa zote. Iliyoenea kuliko zote ni oili chafu ya magari, ambayo hupakwa kwenye nguzo na kenchi kwa imani kubwa. Harufu yake humzuia mchwa kwa muda. Lakini oili hiyo haipenyi ndani ya mbao, ikikauka huacha nyufa zisizo na kinga, huongeza hatari ya moto chini ya bati, na imebeba metali zenye sumu zinazoingia katika ngozi ya kijana anayeipaka kwa mikono mitupu. Majivu yaliyomwagwa kando ya msingi humchelewesha mpaka mvua ya kwanza, na katika Kyela mvua ya kwanza haichelewi. Chumvi inayomwagwa katika zege ni balaa tupu, maana hukaribisha kutu katika nondo, na nyumba ikaliwa na chuma chake kabla ya kuliwa na mchwa. Kumchimba malkia ni jambo la maana ikiwa amepatikana kwa yakini, chumba chake kikavunjwa na mashamba ya uyoga yakatolewa. Taksiri yake ni kwamba mchwa anayeila nyumba si lazima awe wa kichuguu kile kinachoonekana, na miji mingine ina malkia zaidi ya mmoja.

Sasa nije kwenye chupa. Katikati ya karne iliyopita dawa zilizosifiwa dunia nzima kwa kazi hii zilikuwa aldrini, dieldrini, klodeni na heptaklori, nazo zilisifiwa kwa sababu zilikaa ardhini kwa miongo ya miaka bila kuharibika. Sifa hiyo ndiyo iliyozihukumu, kwa kuwa kilichokaa ardhini kilikaa vile vile katika mafuta ya samaki na katika maziwa ya mama, na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ukazitia katika orodha ya kwanza ya sumu za kukomeshwa. Aliyerithi kiti chao alikuwa klopirifosi, ambaye naye mwaka 2025 alitiwa katika mkataba ule ule, pamoja na ruhusa maalumu kwa baadhi ya matumizi. Zilizobaki ni za namna mbili: zile za jamii ya piretroidi, kama bifenthrini, zinazomfukuza mchwa akageuka kutafuta mwanya mwingine, na zile kama fipronili na imidaklopridi ambazo mchwa hazihisi, akapita katikati yake, akazibeba hata kwa wenzake. Hizi za pili ndizo hodari zaidi kwa kazi ya nyumba, nakubali. Lakini bifenthrini na fipronili ni sumu kali mno kwa samaki, na anayezimwaga kwenye kiwanja kitakachofunikwa na maji ya Aprili na kuoshwa kuelekea ziwani amewapelekea usipa na mbasa habari wasiyoistahili.

Fauka ya hayo, kazi yenyewe haifanywi kama lebo inavyotaka. Kiasi cha kawaida kinachotakiwa chini ya jamvi ni lita nne hadi tano za mchanganyiko kwa kila mita moja ya mraba, mbali na zile za kando ya kuta za msingi, maana yake nyumba ya mita za mraba 100 hutaka lita 400 hadi 500. Fundi wetu huja na bomba la mgongoni la lita 16, akalijaza mara mbili, au mara tatu akiwa mkarimu, akanyunyiza juu juu, akapokea ujira wake. Kisha kifusi kikaachwa wazi wiki nzima kwa kungojea fedha ya saruji, mvua ikanyesha, na kile kidogo kilichomwagwa kikashuka kisimani. Mwenye nyumba akisha kuona vijia vya udongo mwaka wa tatu hulaumu dawa kuwa ni bandia. Yamkini ni bandia. Lakini hata ya halali isingefaa kwa kipimo kile.

Sisemi kwamba sumu isitumike abadan. Msingi mpya ulio mbali na kisima, juu ya kiwanja kisichofurika, ukitiwa dawa kwa kipimo kamili na kufunikwa kwa nailoni na zege kabla ya mvua, hupata kinga ya miaka kadhaa. Sharti dawa yenyewe iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na namba ya usajili isomeke katika lebo. Pale penye kisima uani, au penye maji yanayopanda kila masika, jibu langu ni hapana, hata kama jirani amefanya na hajafa. Chambo zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1995, ambazo mchwa huzila polepole akazigawa kwa wenzake mpaka mji mzima ukaisha, zingetufaa kwa kuwa hazimwagwi ardhini. Bahati mbaya mchwa wakulima wa uyoga wamekuwa wazito kuzipokea.

Kilichobaki ni ujenzi, na hapa ndipo penye utajiri wa mambo ambao duka halina. Nyumba nyingi za matofali ya kuchoma katika vijiji vyetu hujengwa kwa udongo badala ya saruji, kisha viungo vikapigwa saruji kwa nje tu ili vipendeze; mchwa haombi zaidi ya hapo, kwa sababu amepewa barabara ya udongo iliyofunikwa, ya giza na unyevu, kutoka msingi hadi lenta, wala hahitaji kujenga kijia cha kuonekana. Asiyeweza kununua saruji ya nyumba nzima na aiweke yote chini: kozi za msingi na zile mbili tatu za kwanza juu ya ardhi zijengwe kwa saruji halisi, na juu yake apitishe zege jembamba lisilo na ufa, au bati lililokunjwa ukingo kuelekea chini pande zote mbili za ukuta, ambalo humlazimisha mchwa kutoka nje kwenye mwanga ili alizunguke. Bati hilo halimuui. Humfichua, nayo ndiyo faida yake. Kwa nje, sentimita 15 hadi 20 za msingi ziachwe zionekane wakati wote, pasiwe na bustani iliyoinuliwa, wala rundo la kuni, wala maganda ya kakao yaliyoegemezwa ukutani.

Na kifusi! Laiti ningepewa amri moja tu juu ya mafundi wa wilaya hii, ningeamuru hiyo. Vipande vya mbao za kupigia zege, mambo za mbao, mifuko ya karatasi ya saruji, visiki vya miti iliyokatwa kupisha nyumba, vyote hufukiwa chini ya jamvi kwa sababu kuvitoa ni taabu. Yaani mchwa huandaliwa karamu ya miaka, akakua na kuongezeka, na karamu ikisha huinua kichwa akatafuta kilicho karibu, ambacho ni fremu ya mlango wa chumba cha kulala. Siku moja ya vibarua wawili wa kuokota takataka hizo ni rahisi kuliko dawa yoyote iliyotajwa katika makala haya.

Juu ya mbao nitasema kidogo. Kiini cha mninga, mvule au mkongo humshinda mchwa kwa asili, lakini ganda jeupe la miti hiyo halimshindi, na mafundi huuza vyote kwa jina moja. Msindano unaotoka Mufindi na Njombe ni laini kwake mpaka utiwe dawa kwa mgandamizo kiwandani. Na kwa kuwa dawa hiyo huacha rangi ya kijani, hakuna kinachomzuia mjanja kupaka rangi ya kijani, basi mnunuzi na akate kipande aone kama rangi imeingia ndani au imeishia juu. Vipande vinavyobaki visiende jikoni asilani: dawa hiyo ya kijani aghalabu ina aseniki, na moshi na majivu yake ni sumu. Kwa kenchi zisizofikiwa na mvua, maji ya boraksi yaliyopakwa mara mbili au zaidi kabla ya kuezeka ni tiba isiyo na madhara makubwa kwa watu, ingawa mbao zinazonyeshewa huipoteza upesi.

Msomaji wa Zanzibar au Lamu atastaajabu kuona sijataja boriti. Ni kweli kwamba mihimili ya mikoko imebeba dari za mawe za pwani kwa karne nyingi, ikasafirishwa hata Ghuba. Lakini mchwa anayewasumbua sana watu wa pwani ni yule wa mbao kavu, anayeishi ndani ya kabati au mlango bila kugusa ardhi na kuangusha chembe ndogo ngumu chini yake, na tiba yake haihusu msingi hata kidogo. Aliyehamia Kyela kutoka pwani asije na dawa ya kwao.

Sasa juu ya mnunuzi, ambaye namhurumia kuliko mjenzi. Mjenzi huona msingi wake. Mnunuzi huona rangi. Nyumba huuzwa mbele ya mwenyekiti na mashahidi, dalali akachukua haki yake, mipaka ikapimwa kwa hatua mpaka mgomba wa mwisho, na katika shughuli yote hiyo hakuna mtu aliyepanda juu ya dari. Marekani, katika majimbo mengi, mkopo wa nyumba kwa askari wastaafu hautolewi mpaka mkaguzi aandike kuwa ametafuta mchwa. Fiqihi ya Kiislamu, kwa upande wake, inampa mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu kwa aibu aliyofichwa. Sheria yetu ya Mikataba, iliyofuata ile ya Wahindi ya mwaka 1872, inahesabu kuficha jambo kwa makusudi kuwa ni hadaa. Lakini kunyamaza tu peke yake haikuhesabu hivyo isipokuwa kwa hali maalumu, na aliyehadaiwa kwa kimya hana nafuu ikiwa angeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Kwa hiyo muuzaji aliyeziba fremu iliyoliwa kwa unga wa mbao na rangi mpya ana la kujibu. Aliyenyamaza huku vijia vikionekana nyuma ya kabati huenda akaenda zake salama.

Uangalifu huo wa kawaida hauhitaji chuo. Tochi, bisibisi na nyundo ndogo vinatosha. Miguu ya fremu igongwe mmoja mmoja, na panapolia mvungu bisibisi iingizwe; rangi mpya iliyopakwa sentimita 30 za chini tu za milango iulizwe sababu yake kwa adabu; nyuma ya choo na bafu, mahali mabomba yanapotoboa sakafu, pamulikwe; kenchi zikaguliwe zinapokalia ukuta. Unga laini mkavu chini ya mwanzi au mbao ni kazi ya fukusi, si ya mchwa, na hautishi kwa kadiri hiyo. Kijia cha udongo kikipatikana, kivunjwe kipande, mnunuzi arudi baada ya siku tatu: kilichozibwa upya kina wenyewe, kilichobaki wazi yamkini kimehamwa. Muuzaji asiyemruhusu mgeni kurudi baada ya siku tatu amekwisha jibu. Na katika hati ya mauziano uongezwe mstari mmoja, kwamba muuzaji anatamka kuwa hajui mchwa katika nyumba hii, au kwamba aliwaona mwaka fulani, mahali fulani, akawatibu kwa kitu fulani. Hapo kimya kinageuka kuwa neno, na neno la uongo ni hadaa mbele ya hakimu.

Liko shauri moja ambalo ningependa Halmashauri ya Wilaya ya Kyela ilichukue. Mwaka 1957 wataalamu wawili wa California, Ebeling na Pence, walionyesha kuwa tabaka la mchanga wenye chembe za kipimo maalumu humzuia mchwa bila sumu yoyote, kwa kuwa chembe ni kubwa mno asiweze kuzibeba na nafasi kati yake ni ndogo mno asiweze kupita. Baadaye watu wa Hawaii wakafanya vivyo hivyo kwa kokoto za mawe ya volkano zilizochekechwa kati ya milimita 1.7 na 2.4, zikawa kinga inayouzwa huko chini ya nyumba. Mawe ya volkano sisi tunayo. Mlima Rungwe umeyatapika kwa zama nyingi na mito inatuletea mchanga wake bila malipo. Kipimo cha Hawaii kilichaguliwa kwa mchwa wa huko, ambaye si sawa kwa mwili na wa kwetu, basi lazima kitafutwe kipya, na kazi hiyo iko ndani ya uwezo wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya au wa watafiti wa kilimo wa Uyole: chekeche za matundu mbalimbali, mashimo kadhaa kandokando ya vichuguu vya Ndandalo, kipande cha msindano mtupu katikati ya kila shimo kikizungukwa na kokoto za kipimo kimoja, na kipande cha kulinganishia kisichozungukwa na kitu. Vifukuliwe baada ya masika ya kwanza, vipimwe, vifukiwe tena mpaka ya pili. Gharama yake haifiki bei ya kenchi za nyumba moja.